Chunya: mawe nichimbe mimi, marudio yawe ya mwenye karasha?

Wakuu, modi naomba uzi huu usiunganishwe na zile nyuzi za bei ya dhahabu. Bei iko vizuri. Shida yangu ni gramu ninazofika nazo sokoni, baada ya mwenye karasha (mashine ya kusaga mawe) kubaki na marudio, yaani ule mchanga unaobaki tukishaosha dhahabu.

Nina duara (shimo la kuchimbia) Matundasi, kwenye leseni ya mtu. Miezi mitatu nalisha vijana, nanunua baruti, naweka mafuta kwenye kompresa. Mwezi uliopita tukatoa viroba 60 vya kilo 50, yaani tani 3. Nikakodi gari mpaka kwenye karasha, nikalipia kusaga, zebaki nikanunua palepale kwa bei yao. Siku mbili nimeshinda pale mweupe kama mtu wa mashine ya sembe, hata chooni siendi mpaka niache kijana kwenye mwalo, ule mfereji wenye mikeka ya kunasa dhahabu. Tukaosha mikeka, tukakamua kwenye kitambaa, tukachoma. Gramu 6 na pointi 4. Mwenye leseni akakata chake, vijana wakachukua chao, kilichobaki hakikurudisha hata hela ya baruti.

Nikachukua koleo nianze kujaza marudio kwenye viroba vyangu vilevile. Msimamizi akacheka kwanza. "Kaka, marudio ni ya karasha. Ndio utaratibu wa hapa."

Utaratibu umeandikwa wapi? Kusaga nimelipa, zebaki nimelipa, halafu na mchanga wangu nao ni malipo?

Nilichota marudio kidogo kwenye mfuko wa sigara (nisameheni, niliiba mali yangu mwenyewe), nikapeleka maabara mjini. Majibu: gramu 7 kwa tani. Zidisheni mara tani 3, ni gramu 21. Hata mtambo ukikosa robo yake, mwenye karasha anaondoka na gramu 15 na ushee kwenye mawe ambayo mimi nimepata 6!

Na wanajua wanachofanya. Zebaki inashika dhahabu iliyo huru, ya punje punje. Ile laini kama poda, na ile iliyofungwa ndani ya mawe yenye salfa, inapita na maji kwenda kwenye lundo. Lundo likishakuwa kubwa linaingizwa kwenye matangi, linarowekwa kwenye dawa ya sianidi, dhahabu inayeyuka, inanaswa na kaboni. Kusaga kwetu ni mtego tu wa kupata hayo marudio.

Najua watakuja kunijibu humu kwamba umeme ni ghali, mipira ya chuma ya kusagia inaisha, na marudio ndiyo yanayofidia, ndio maana bei ya kusaga ni ndogo. Sawa, pandisha bei ya kusaga nikulipe, mchanga wangu niachie. Hapa kwetu ukikoboa mahindi unaulizwa pumba unabeba au unaacha. Unaulizwa! Pumba za nguruwe zina heshima kuliko marudio ya dhahabu.

Nilimfuata afisa mmoja, akaniambia hayo ni makubaliano yenu binafsi. Makubaliano ambayo sijasaini, na makarasha yote ya jirani wanasema hivyohivyo, nitakataa niende wapi?

Sibezi kila kitu. Soko la madini lilipofunguliwa Chunya 2019, ile michezo ya dalali na mizani yake ilipungua kweli, na mwaka huohuo tukafutiwa VAT. Ila sokoni inapimwa dhahabu iliyofika. Wizi umehama tu kutoka kwenye mizani kwenda kwenye mwalo, na huko hakuna anayeangalia. Dhahabu ya Lupa, hukuhuku Chunya, imegunduliwa tangu 1922, babu zetu wameisugua kwa mikono, na mjukuu bado anaondoka na makombo.

Alhamisi nina viroba 40 vingine vya kusaga. Mwenye kujua karasha linalokuachia marudio yako, Makongolosi, Itumbi, popote, hata kama gari litanila hela, anicheki pembeni. Na wenye makarasha mliomo humu, msinitukane. Nijibuni kitu kimoja: kwa nini mnakataa nipime sampuli kabla sijaondoka?