Malori tumeuza, moshi uleule: niandike tumepunguza?

Wakuu habari zenu, naomba ushauri. Naandaa ripoti ya hewa ya ukaa ya kiwanda kimoja hapa Dar. Mwaka jana tuliuza malori yetu kwa kontrakta, sasa yanabeba mzigo uleule hadi Mbeya, dizeli ileile, hata nembo yetu bado ipo mlangoni, ila bosi anataka niandike "tumepunguza" kwa vile yametoka Skopu 1 (moshi wa vyombo vyetu wenyewe) yakaingia Skopu 3 (moshi wa wengine wanaotufanyia kazi) ambayo kuripoti ni hiari. Madereva nao siku hizi wanalipwa kwa tripu, mkataba hakuna. Nimemwonyesha mwongozo wa GHG Protocol (kanuni za kimataifa za kuhesabu hewa ya ukaa) kwamba ukihamishia kazi kubwa nje na huiripoti kwenye Skopu 3, mwaka wa msingi (ule unaolinganishia) unahesabiwa upya, kaniambia nisimharibie. Nikisaini, si ni udanganyifu huu? Na nimwambieje bila kupoteza kibarua?