Tabibu, tarajali au daktari wa familia: nani aachiwe zahanati peke yake? Karibuni tujadili

KijanaWaNkuhungu (mleta mada)
Wakuu, habari za jioni. Mtoto wa dada yangu yuko Uingereza, anamalizia mafunzo ya udaktari wa familia. Juzi kanipigia simu, akanisimulia njia aliyopita nikachoka mimi niliyekuwa nasikiliza. Chuo miaka mitano. Halafu miwili ya kuzungushwa mawodini, na usajili kamili anaupata baada ya ule wa kwanza. Unadhani kamaliza? Anaingia mingine mitatu, kipande hospitali, kipande kliniki ya mtaani chini ya daktari mzoefu. Kuna mtihani wa maarifa kwenye kompyuta. Kuna mwingine wameuanzisha mwishoni mwa 2023: wagonjwa 12 wa kuigiza, kila mmoja dakika 12, anaongea nao kwa video au simu, inarekodiwa, watahini wanakaa wanasahihisha. Juu ya hapo ana daftari la mtandaoni la kila alichojifunza kazini, na wagonjwa wenyewe wanajaza fomu kusema alivyowahudumia. Chuo chao cha Kifalme cha madaktari wa familia kikiridhika ndipo Baraza lao la madaktari linampa cheti na kumwandika kwenye daftari la madaktari wa familia. Bila jina humo hapewi kliniki hata kwa dawa.

Sasa kwetu. MD, yaani shahada ya udaktari, miaka mitano, utarajali (mafunzo kazini hospitalini) mwaka mmoja, Baraza la Madaktari Tanganyika linakusajili, kesho umepangiwa kituo cha afya ndani ndani huko Bahi, mkoani kwetu Dodoma. Swali langu: na sisi tulazimishe hiyo miaka mitatu? Maana mambo ya kwenda zahanati unakutana na mtu wa diploma kavaa koti jeupe anaitwa dokta, tumechoka.

TarajaliMchovu
"Utarajali mwaka mmoja." Umeuandika kama vile tunaenda kupunga upepo Kilimani. Magonjwa ya ndani, upasuaji, watoto, wazazi, unazungushwa kote, zamu ya usiku inaungana na ya mchana, na posho ya mwezi wa tatu nyuma haijaingia. Unataka uniongezee mitatu? Nitakula nini, cheti?

TabibuWaKibaigwa
Mtu wa diploma mwenye koti jeupe ndiye mimi. Shikamooni wakubwa.

Nimesoma miaka mitatu baada ya kidato cha nne. Nina miaka kumi na moja kazini, na zahanati ninayoiongoza hajawahi kukanyaga MD hata kwa bahati mbaya, labda alipotee njia akienda minadani. Wewe wa Nkuhungu, ulipozaliwa alikuwepo nani? Muulize mama. Nakuhakikishia hakuwepo mtu aliyefanya mtihani wa kuongea na waigizaji kwa video.

KijanaWaNkuhungu
Mkuu sijakutaja. Povu la nini?

TabibuWaKibaigwa
Umetaja koti. Mimi ndiye nimo ndani ya koti.

MsomiAreaD
Tusichanganye mambo. Tabibu ni tabibu, daktari ni daktari, na sheria ya 2017 imetenganisha kada. Kujiita dokta wakati huna shahada ya udaktari ni kudanganya wananchi. Nimesoma Muhimbili, najua ninachosema.

MamaChilonwa
Na nyie wa Muhimbili hamuwezi kusema sentensi mbili bila kutaja Muhimbili. Mbukwenyi wote, ndiyo salamu yetu ya Kigogo.

Kijijini kwetu hakuna anayejiita dokta. Sisi ndio tunamwita. Bibi yangu anamwita dokta hata yule kijana anayepima uzito wa watoto. Mkamateni bibi basi.

BintiKondoa
Jamani mada ni mafunzo ya udaktari wa familia. Naomba turudi. Ninavyojua mimi Tanzania hatuna kabisa hiyo fani, kwa hiyo hata huo mjadala...

DrMstaafu_Mpwapwa
Binti, tunayo. Aga Khan pale Dar es Salaam wanafundisha ubingwa wa udaktari wa familia tangu 2004. Ni kwamba wachache wanaufuata, na ukiupata watu wanakuuliza "bingwa wa nini?" Ukijibu "wa familia" wanadhani unasuluhisha ndoa.

MsomiAreaD
Kwa heshima zote mzee wangu, ukweli ni kwamba anayeenda huko ni yule aliyekosa nafasi ya upasuaji au magonjwa ya ndani.

DrMstaafu_Mpwapwa
Kijana, mimi nilianza kazi wakati kumbukumbu ya kampeni ya Mtu ni Afya bado mbichi. Ile ya 1973, watu walikaa vikundi vikundi kwenye redio wanasikiliza habari za choo na maji ya kuchemsha. Upasuaji mzuri nimeuona. Lakini yule mama mwenye presha, mwenye sukari, mwenye mjukuu anayeharisha na mume anayekunywa, anakuja na yote hayo kwa mara moja, na amekuja kwa miguu. Mpasuaji atamfanya nini? Atatafuta pa kukata. Anayemfaa ni mtu aliyefundishwa kukaa na mchanganyiko huo bila kumtuma vyumba vinne. Hiyo ni fani, na ni ngumu. Msiidharau kwa sababu haina mashine.

TarajaliMchovu
Mzee umetema madini. Lakini posho?

MpemaraWaSabasaba
Mimi si mtu wa afya, nauza vipuri. Swali dogo: kwa nini tunabishana na tabibu wakati mjini kuna watu wamepewa udaktari wa heshima na wanataka waitwe dokta mpaka msibani? Hao mbona hamuwadai leseni?

MamaChilonwa
😂😂 Huyu hapa. Afungiwe uzi wake.

MsomiAreaD
Udaktari wa falsafa ni tofauti na udaktari wa tiba, na kwa historia neno lenyewe asili yake ni mwalimu...

TabibuWaKibaigwa
Kumbe neno si la kwenu! Basi rudisheni, sote tubaki matabibu.

MsomiAreaD
Unapenda utani, lakini ukweli unabaki: mgonjwa akifia mikononi mwa mtu asiye na sifa, nani anawajibika?

TabibuWaKibaigwa
Sasa umenigusa pabaya, nitakujibu bila utani. Jina langu liko kwenye vitabu vya Baraza hilohilo linalokusajili wewe, na nikikosea naitwa kama utakavyoitwa wewe. Halafu mnazungumzia sifa. Wale AMO, madaktari wasaidizi, waliotoka huku kwetu utabibu wakaongezewa masomo, wamewapasua akina mama nchi hii tangu mwalimu wako hajazaliwa. Kuna utafiti wa hospitali za wilaya za Mwanza na Kigoma ulitoka 2009. Upasuaji mkubwa wa uzazi, kama asilimia 85, walifanya wao. Walipolinganisha na MD hawakuona tofauti ya maana kwa mama wala mtoto. Halafu kozi yao ikafungwa. Kwa hiyo usiniambie habari ya sifa, niambie nani atakuja Kibaigwa.

BintiKondoa
Huo utafiti naukumbuka, tulisomeshwa. Lakini kaka, AMO alikuwa na mafunzo ya ziada juu ya utabibu. Si unaona hata wewe unatetea kuongeza mafunzo?

TabibuWaKibaigwa
Dada umenishika. Natetea kuongezewa. Sitetei kufutwa.

KijanaWaNkuhungu
Ndicho nilichomaanisha tangu mwanzo! Mimi nilikuwa naongelea hasa kliniki binafsi za mjini, mtu katoka utarajali jana leo kafungua kliniki Makulu.

MamaChilonwa
Umeandika Bahi, mwanangu. Panda juu usome.

MnyaturuUghaibuni
Salaam kutoka Leicester. Nimewasoma wote. Huo mtihani mnaousifia tusiufanye msahafu. 2014 chama cha madaktari wenye asili ya India kilikipeleka hicho Chuo cha Kifalme Mahakama Kuu, London, kikidai mtihani wa wakati ule wa kuonana na wagonjwa wa kuigiza unawaangusha mno waliosomea nje na wasio Wazungu. Jaji hakuwapa kesi, ila alisema mwenyewe kuwa kimaadili wameshinda. Mtihani umebadilishwa mara mbili tangu hapo. Mimi mwenyewe niliangushwa mara ya kwanza, na maoni niliyopewa yalihusu namna ninavyomkatisha mgonjwa. Nyumbani Singida mgonjwa usipomkatisha utamaliza foleni saa ngapi? Nilitakiwa nijifunze kunyamaza. Na kusema kweli, somo hilo lilinisaidia. Kwa hiyo sijui nimesimama upande gani.

DrMstaafu_Mpwapwa
Hapo kwenye kunyamaza ndipo penye somo, na hakuna mwaka wa MD unaolifundisha. Dakika 12 kwa mgonjwa. Nilipokuwa wilayani nilikuwa na wagonjwa themanini asubuhi. Pigeni hesabu wenyewe mwone kama dakika zinafika nne.

MpemaraWaSabasaba
Mzee, na ile ya wagonjwa kujaza fomu kumpima daktari ije kwetu. Nina mtu wangu wa kumwandikia, siku ile niliambiwa "funua mdomo" bila hata salamu.

TarajaliMchovu
Mkileta fomu, na sisi tuletewe fomu ya kupima wagonjwa. Mtu anakuja saa tisa usiku na kifua alichokaa nacho tangu Krismasi.

BintiKondoa
Swali la msingi bado halijajibiwa: nani analipa? Kule daktari anayejifunza analipwa mshahara ndani ya mfumo wao wa afya uliopo tangu 1948. Kila mtu ana kliniki aliyojiandikisha, hafiki kwa bingwa bila kupita hapo, labda dharura. Hapa mtu anatoka Ihumwa anapita zahanati tatu anakwenda moja kwa moja hospitali kubwa ya Benjamin Mkapa kwa sababu ya mafua, halafu analalamika foleni. Na bima inalipa zaidi ukionwa na bingwa. Sasa daktari mwenye akili timamu, mwenye mkopo wa chuo shingoni, atachagua kukaa Chamwino miaka mitatu ajifunze kusikiliza? Sheria ya bima kwa wote imepita 2023. Hao wote watakaoshika kadi wataanzia wapi? Kwa huyo tabibu mnayemtukana. Mimi nasema wekezeni kwake kwanza: awe na MD anayemtembelea, awe na njia ya kupanda, AMO irudi kwa jina lolote. Udaktari wa familia uje kama msimamizi wa wilaya, akae na matabibu kumi chini yake awafundishe.

MsomiAreaD
Hapo naunga mkono kwa sehemu. Ila msimamizi lazima awe bingwa.

TabibuWaKibaigwa
Wa Muhimbili?

MsomiAreaD
Sijasema hivyo.

MamaChilonwa
Hajasema, kafikiria tu.

KijanaWaNkuhungu
Mtoto wa dada kanitumia ujumbe sasa hivi, matokeo ya ule mtihani wa wagonjwa wa kuigiza yametoka, kafaulu. Nimemwambia mjadala wetu ulipofikia, anauliza Kibaigwa ni wapi.

TabibuWaKibaigwa
Hongera zake, kwa moyo mmoja. Mwambie ni barabara ya Morogoro, kabla ya Dodoma, penye soko la mahindi. Chumba kipo, solar ipo.

DogoPCB_Makole
Samahani wakubwa, sijasoma zote. Niko kidato cha sita, mchepuo wa PCB (fizikia, kemia, biolojia). Hivi kati ya MD na utabibu kipi kinalipa haraka?

TarajaliMchovu
Dogo, njoo PM nikueleze vizuri.

TabibuWaKibaigwa
Usiende. Huyo posho haijaingia miezi mitatu, atakukopa nauli.