Kadi ya mkopo na kadi ya debiti: nitumie ipi?

Kibubu: Habari zenu wanajamvi. Nina kadi ya debiti ya akaunti ya mshahara, sasa benki inanishawishi nichukue na ya mkopo. Zote zina nembo ya Visa, na dukani naona zinalipa vilevile. Tofauti hasa iko wapi?

Mhasibu: Mkuu, angalia pesa inatoka kwa nani. Kwa debiti inatoka kwenye salio lako, papo hapo au ndani ya siku chache. Kwa kadi ya mkopo, benki ndiyo inamlipa muuzaji, na wewe unadaiwa, mwisho ni kikomo walichokupangia. Kila mwezi unaletewa taarifa ya deni. Ukililipa lote kabla ya tarehe ya mwisho, kwa kawaida manunuzi hayatozwi riba.

Bajeti Kwanza: Neno ni hilo "lote". Taarifa hiyo huonyesha pia kiwango cha chini cha kulipa, na hapo ndipo watu wanapoumia. Chukua deni la 100,000 kwa riba ya asilimia 24 kwa mwaka. Riba ya mwezi mmoja ni kama 2,000. Ukilipa 3,000, umepunguza 1,000 tu! Halafu usitoe taslimu ATM kwa kadi ya mkopo. Kuna ada, na mara nyingi riba huanza kuhesabiwa siku hiyohiyo.

Msafiri: Sawa, ila kwenye wizi kadi ya mkopo inakulinda zaidi. Namba za debiti zikiibwa, pesa imeshatoka na unasubiri uchunguzi huku kodi ya nyumba inadaiwa. Kwa ya mkopo unapinga muamala, na pesa yako bado iko benki. Kwa mfano Marekani, sheria inasema hasara yako kwenye kadi ya mkopo isizidi dola 50. Kwa debiti iliyopotea au kuibwa, ni dola 50 ukitoa taarifa ndani ya siku 2 za kazi tangu ujue. Ukichelewa inaweza kufika 500, na kwa miamala inayofuata baada ya siku 60 tangu utumiwe taarifa ya akaunti, unaweza kupoteza zote. Kwenu ulizia sheria ikoje.

Hoteli na wakodishaji magari nao huzuia kiasi fulani kama dhamana. Ukiwapa debiti, pesa hiyo huigusi kwa siku kadhaa.

Kibubu: Asanteni sana. Nisipochukua hiyo ya mkopo, mtandaoni nilipe vipi?

Mhasibu: Fungua akaunti ya pembeni, uweke pesa ya manunuzi tu, na utumie kadi yake. Ile ya mshahara usiiandike kwenye tovuti yoyote. Washa ujumbe wa kila muamala. Ukiamua kuchukua ya mkopo, waombe benki siku hiyohiyo ya kujaza fomu wawe wanakata deni lote kila mwezi, siyo kile kiwango cha chini.