Naomba ushauri: sinema za kale za makauboi zenye mizimu

Wakuu, habari za jioni. Mzee wangu anapenda makauboi tangu ujana wake, nami kaniambukiza. Sasa nimenogewa na zile za bajeti ndogo za Marekani ambazo katikati ya farasi na bastola anatokea mzimu au mnyonya damu.

Tulianza na Haunted Gold ya 1932, John Wayne akiwa kijana kabisa. Ikafuata The Phantom Empire ya 1935, sehemu 12, Gene Autry anaimba redioni halafu anajikuta kwenye mji wa chini ya ardhi wenye maroboti! Ila iliyotushika ni Curse of the Undead ya 1959. Muuaji wa kukodiwa ni mnyonya damu, risasi zinampata na haanguki, na anayemkabili ni mchungaji. Haina rangi, na lile giza lake ndilo linalotisha. Billy the Kid versus Dracula ya 1966 ina rangi na ina John Carradine, lakini kwangu haikufikia hapo.

Naombeni majina mengine, hasa ya kabla ya 1970. Nataka mzimu uwe mzimu kweli, siyo mwishoni tuambiwe ni jambazi kavaa joho.

La pili: mzee haelewi Kiingereza. Nikimtafsiria kila sentensi, hofu inapotea. Nimsimulie kisa chote kwanza, au nisimamishe kila baada ya tukio? Aliyewahi kumtazamisha mzazi wake hivi anisaidie, Jumamosi tunakaa tena.