Yule mzee wa matanga amepangusa mafuta ya samaki kwa CV yangu!!!

Nimetoka kwake saa hii. Niko steji ya Kondele hapa Kisumu natetemeka, simu imebaki asilimia nane, nisomeni haraka.

Simtaji, nyote mnamjua. Yule wa kila matanga kuanzia Ahero hadi Maseno, tumbo linashuka kwa gari kwanza, yeye anafuata baada ya dakika tano. Jumamosi tukizika jirani yetu alishika maikrofoni mbele ya jeneza la watu, akasema, "Vijana, mlango wangu uko wazi, leteni makaratasi." Mama akanifinya bega: "Umesikia? Nenda."

Nikaenda, tena sikwenda mikono mitupu. Cheti cha tabia njema, shilingi 1,050 kwa eCitizen, ule mtandao wa huduma za serikali, pesa ya kukopa. Za KRA za kodi, za HELB za mkopo wa masomo, karatasi zote za Sura ya Sita ya katiba, ile ya uadilifu wa viongozi, kana kwamba naomba ujaji. Bahasha mpya ya kaki. Shati nimenyoosha kwa pasi ya makaa ya jirani. Kutoka Manyatta hadi Milimani kwa miguu, kwa sababu pesa ya boda ndiyo pesa ya unga.

Nikamkuta mezani. Samaki kwa sahani, ngege mzima, ugali kama Mlima Homa. "Karibu kijana, lete." Akafungua bahasha, moyo ukaruka. Akatoa karatasi ya juu, ile yenye jina langu kwa wino mzito. AKAPANGUSA VIDOLE. Kimoja kimoja. Gumba mwisho.

Na kitambaa kilikuwepo! Hapo hapo kando ya pilipili, kimekunjwa vizuri!

Nikamwambia, "Mzee, hiyo ni CV." Akaitazama. "Aaah, siku hizi mambo ni ya simu. Nitumie kwa WhatsApp." Halafu akaweka mifupa juu yake, akakunja, akamwita paka.

Angenifukuza getini ningeelewa. Angesema hana kazi ningeelewa, nani ana kazi Kisumu hii? Lakini lile gumba! Lilipita pale palipoandikwa shahada yangu, likaacha doa mpaka unaona meza upande wa pili. Na akipangusa ananiuliza, "Mama hajambo?"

Mtu asiniambie tena kazi ni kujuana. Tumejuana! Ameniita kwa jina la marehemu baba!

Kijana wa Kibuye: Pole omera. Swali moja tu: ngege alikuwa wa kukaanga ama wa kuchemsha?

Mwenye uzi: Wa kukaanga! Na hilo silo jambo tunalojadili!

Kijana wa Kibuye: Ni jambo. Mafuta ya mchuzi yangefutika.

Dada Kakamega: Wewe umepanguziwa karatasi unalia? Mimi nilibeba jogoo wa kienyeji hai, basi la usiku hadi Nairobi, nikampelekea binamu yangu mwenye "ofisi". Walimla hadi shingo. Asubuhi akasema, "Tutaongea." Tiki mbili za buluu tangu Agosti. Nirudishie jogoo wangu kwanza, ndio tuje kwa gumba lako.

Mwalimu Bila Ajira: Wandugu, mnabisha milango mibaya. Kuna mwanasosiolojia wa Marekani, Mark Granovetter, aliliandika hili mwaka wa 1973. Aliuliza watu waliopata kazi kupitia mtu, wengi wakasema mtu huyo walikuwa wakimwona mara moja moja tu. Si ndugu wa damu, si rafiki wa kila siku. Wa karibu anajua habari zile zile unazozijua wewe; wa mbali anasikia ya kwingine.

Kijana wa Kibuye: Mwalimu, hata huyu mzee wanaonana mara moja moja. Kwa matanga. Matokeo ni mifupa.

Mwalimu Bila Ajira: Sijasema wakubwa! Nasema mliyesoma naye, mliyeimba naye kwaya. Mimi kazi ya miezi mitatu ya kuhesabu mali stoo niliambiwa na kinyozi.

Mtu wa Nakuru: Afadhali nyinyi mnawaona hao watu kwa macho. Huku kuna wa kukupeleka kwa mkubwa, na kabla akutajie mkubwa anataka ya chai. Nimetoa elfu tatu, sasa nikipiga simu haishikwi. Hata samaki sikuonyeshwa.

Dada Kakamega: Elfu tatu ni jogoo wangu na nauli kwenda na kurudi.

Mtu wa Nakuru: Jogoo gani huyo mama, mbuni?

Mwenye uzi: Asilimia mbili. Nasema tena, GUMBA. Polepole. Akiniangalia machoni. Kitambaa kiko hapo

Kijana wa Kibuye: Simu imezima. Lakini pia, ngege mzima sahani nzima? Huyo si wa ziwa. Ni wa kufugwa kwa vizimba, ama wa barafu kutoka China.

Dada Kakamega: Wa China hana mafuta ya kutoboa karatasi hivyo.

Mtu wa Nakuru: Sisi huku samaki tunaouziwa ni mbuta tu. Ngege huko ufuoni Dunga ni pesa ngapi siku hizi?

Kijana wa Kibuye: Inategemea saa unayofika. Wahi mapema, mashua zikiingia, na usivae shati la pasi, utaongezewa bei.