Mnaosambaza lokesheni za "kulala bure" Kigamboni, nyie wenyewe mmewahi kulala huko?

Wakuu, nimeingia nyumbani asubuhi hii, mchanga umejaa mpaka masikioni na mama watoto haongei na mimi. Mnisamehe lugha.

Mimi ni mmoja wa walioambukizwa huu ugonjwa wa kulala kwenye gari. Hiace niliyokuwa nabebea mizigo niling'oa viti, fundi wa Keko akanichongea kitanda na kabati. Juu nimefunga sola ya wati 200, ndani kuna betri, tangi la maji lita 60 na mtungi wa gesi wa kilo 6. Siku mbili nakaa porini bila kumuomba mtu umeme wala maji. Kwa hiyo gari halina shida. Shida ni pa kuliweka usiku.

Lokesheni nimeipata kwenye kundi la WhatsApp: ufukwe mbele ya Kimbiji, "eneo huru, hakuna malipo, pametulia". Tumevuka daraja jioni, tukafika jua linazama. Na kweli palikuwa pametulia, kwa dakika kama ishirini.

Akatokea mlinzi. "Bosi, hapa kuna utaratibu." Utaratibu wenyewe ni elfu ishirini na hauna risiti. Nikatoa, watoto walishaanza kuoka viazi. Saa tano usiku tochi dirishani: vijana watatu, wanasema wao ni ulinzi shirikishi, wanataka barua ya serikali ya mtaa. Nikawaambia nimeshalipa kwa mlinzi. Mlinzi gani? Hawamjui. Elfu kumi na tano.

Halafu bamvua, yaani bahari kujaa kuliko kawaida. Hapa kosa ni langu, nakubali. Mwezi mpevu uko juu, mimi nimezaliwa Temeke, na bado nikaegesha kwenye mchanga wenye unyevu kwa sababu niliuona mgumu! Bamvua kwetu maji yanapanda zaidi ya mita tatu kutoka yalipopwa. Saa kumi alfajiri tairi za nyuma zimezama, watoto wanalia, friji inalia. Waliokuja kusukuma ni wale wale vijana watatu. Elfu arobaini, na walihesabu mbele yangu.

Kulipokucha akaja mwenye kiwanja. Ukuta wake umeshuka mpaka kwenye mchanga, na anasema ni chake "mpaka majini". Nikamwambia Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu, au zinazoweza kuharibu mazingira, ndani ya mita 60 kutoka ufukweni. Sheria hiyo haisemi mimi nilale pale, sawa, lakini na yeye ule ukuta kaupata wapi? Akanijibu, "Kamwambie huyo aliyeiandika." Nikawasha gari.

Jumla elfu sabini na tano. Gesti yenye feni na chai ya asubuhi haifiki huko.

Sasa kuna ninyi mnaotazama video za Marekani mkaja kutufundisha. Kule kuna ardhi ya serikali kuu chini ya Bureau of Land Management, na sehemu kubwa yake mtu anaruhusiwa kukaa bure, kwa kawaida siku 14 ndani ya kila siku 28. Imeandikwa, inajulikana. Hapa kwetu ardhi yote ni ya umma, Rais ndiye mdhamini, lakini asikudanganye mtu kwamba pori halina mwenyewe. Kama siyo hifadhi, basi ni ardhi ya kijiji yenye halmashauri yake, au ni ya jumla na kuna mtu ana hati yake kwenye droo. Ukiona pako wazi ujue mwenyewe kaenda kula tu.

Mnajua nani wanalala vizuri nchi hii? Madereva wa malori. Mwezi uliopita niliegesha kwenye kituo cha mafuta barabara ya Morogoro, katikati ya malori mawili ya Kongo. Nikajaza mafuta, nikamsalimia mlinzi, nikampa elfu tatu ya chai kwa hiari yangu, nikalala mpaka saa moja. Choo kipo, taa ipo. Bahari haipo, ndiyo, na utingo wa pembeni alikoroma kama jenereta. Lakini hakuna aliyenigongea.

Kulipa silalamiki. Nikiambiwa kabla kwamba pale ni elfu ishirini na risiti yake, nakwenda au siendi. Kwa hiyo unayetuma lokesheni, andika: ulilala au ulipiga picha tu mchana? Nani alikuja, saa ngapi, alitaka shilingi ngapi? Mwenyekiti wa kijiji ulimuona? Maji yakijaa yanafika wapi?

Na wewe uliyeandika "pametulia", najua umo humu. Njoo useme ulilala siku gani.