Eneo la mistatili inayolaliana
Swali: Wakuu niko Igombe, naandika programu ya kupima eneo linalofunikwa na turubai za kuanikia dagaa, sasa zinalaliana, zikiwa mbili natoa tu pale zilipolaliana, zikifika elfu kompyuta inakwama. Nifanyeje?

Jibu: Usitoe mkuu. Panga kingo za wima kwa x, pitisha mstari kushoto kwenda kulia, ukikuta ukingo wa kushoto unaongeza mstatili, wa kulia unauondoa, afu urefu wa y uliofunikwa zidisha na umbali hadi ukingo unaofuata, jumlisha.

Jibu: Ndo hivyo, ila huo urefu wa y utunze kwenye trii ya segimenti (mti wa data unaogawa y vipande vipande na kukumbuka vilivyofunikwa). Mtaalamu wa kompyuta Jon Bentley alionyesha 1977 inakwenda kwa n log n, yaani kazi inakua kwa kasi kidogo tu kuliko idadi ya mistatili (n). Ukihesabu upya kila ukingo itakuwa nzito tu.

Muuliza: Asanteni sana, 4x3 mbili zilizolaliana 2x1 imetoa 22, safi!